Mvinyo Mwekundu wa Dodoma Mahali Pake ni Mezani

Ndugu wapishi, wahudumu, wenye hoteli na migahawa, na ninyi wakulima mliofunga safari kutoka Hombolo, Mpunguzi na Mbabala, habari za asubuhi. Najua wengi wenu mmeacha majiko mikononi mwa wasaidizi, kwa hiyo sitazunguka.

Kazi yangu ni kutengeneza mvinyo. Nina hoja moja, na nitaisema sasa hivi ili hata atakayeitwa kazini kabla sijamaliza aondoke nayo. Mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma, yaani ule usiobaki na sukari, ni mvinyo wa chakula. Mahali pake ni mezani, kando ya nyama. Tunapoupeleka kaunta, mtu akaunywa mtupu, tena wa moto, atakunja uso na kusema zabibu za kwetu ni kali. Maneno hayo nimeyasikia sana, na kila nikiyasikia yananiuma, kwa sababu najua zabibu ile ilikotoka na mikono iliyoihangaikia.

Basi tuanzie shambani.

Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Huanza Desemba, hukatika Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata kati ya milimita 500 na 600 hivi. Kwa anayelima mahindi hiyo ni mashaka matupu, na wazee wa Ugogoni wanaweza kuwasimulia miaka ya njaa mpaka jua lizame. Lakini mzabibu hautaki mizizi yake ikae kwenye maji, wala majani yake yashinde na unyevu, maana unyevu ndio mlango wa magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Udongo wetu wa kichanga unapitisha maji upesi, hewa ni kavu miezi saba kwa mwaka, na upepo wa hapa kila mmoja wenu anaujua. Mkulima akiwa na kisima na mipira ya matone, anaumwagilia mzabibu kile unachohitaji, basi. Adui anayemkosesha usingizi ni mchwa, anayeingia kwenye shina kimyakimya na kulila kwa ndani.

Sasa jambo ambalo wageni huwa hawaliamini mpaka walione. Huko Italia na Ufaransa, baridi ikishuka mzabibu hupukutisha majani na kulala hadi joto lirudi, kwa hiyo wao huvuna mara 1 kwa mwaka. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Anayeuamsha ni mkulima mwenye mkasi. Akishapogoa na kubakiza macho machache kwenye kila tawi, baada ya muda mfupi chipukizi hutoka, maua yanafuata, na miezi minne hivi tangu siku ya kupogoa kuna vichala vya kuvuna. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara 2, kwanza Februari na Machi, halafu tena Agosti na Septemba.

Mavuno haya mawili hayalingani, na mnunuzi wa mvinyo anapaswa kulijua hilo. Yale ya Februari na Machi yanaiva mvua ikinyesha. Punje zinavimba maji, sukari inapungua, vichala vingine vinaoza vikiwa bado mtini, na mkulima anapiga dawa mara kwa mara. Yale ya kiangazi yanaiva chini ya mbingu safi. Mchana jua linapika sukari ndani ya punje, usiku wa Julai joto linashuka chini ya nyuzi 15, na ubaridi huo ndio unaozuia uchachu wa zabibu usiteketee kwa joto. Uchachu ndio unaoupa mvinyo uhai. Mvinyo usio na uchachu hulala ulimini kama maji ya uvuguvugu. Mimi nikiachiwa nichague, mvinyo mwekundu mkavu nitautengeneza kwa zabibu za kiangazi, na za masika nitazipeleka kwenye kazi nyingine. Wapo watengenezaji wenzangu wasiokubaliana nami, nao wana sababu zao za kibiashara. Kwa ladha, sibadiliki.

Historia nitaipitia haraka, kwa kuwa wengi mnaijua. Mizabibu ililetwa hapa na wamisionari Wakatoliki waliohitaji divai ya altare, na misheni ya Bihawana katika miaka ya 1950 ndiyo inayotajwa zaidi. Baadaye kilikuja kiwanda cha umma cha DOWICO, yaani Kampuni ya Mvinyo ya Dodoma, na kwa miaka mingi Mtanzania aliyesikia habari ya mvinyo wa nyumbani alijua unatoka Dodoma. Utafiti ukawekwa Makutupora, kaskazini mwa mji, na kituo kile leo kipo chini ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania.

Jina la Makutupora ndilo linalobebwa na zabibu nyekundu ambayo wakulima wetu wengi wanaijua kuliko nyingine yoyote. Inavumilia ukame, inazaa sana, nayo inatoa mvinyo wenye harufu ya matunda meusi na mwili wa wastani. Pembeni yake ipo Syrah, ambayo asili yake ni bonde la mto Rhône nchini Ufaransa, na upande wa Hombolo zilipandwa pia zabibu za Kiitaliano, zikiwemo Aglianico ya kusini mwa Italia na Teroldego na Marzemino za kaskazini kule Trentino. Majina haya yakienea kwenye lebo zetu, mhudumu hana budi kuyajua, kwa sababu kila moja linataka sahani yake. Nitarudi hapo.

Kwanza mnisindikize kiwandani, maana pale ndipo ukali unaolalamikiwa unapozaliwa.

Ukiminya punje ya zabibu nyekundu kati ya vidole viwili, maji yanayotoka hayana rangi, au yana wekundu wa mbali tu. Wekundu umo kwenye ganda. Kwa hiyo zabibu zikishapondwa, sisi hatuchuji. Tunaacha mchuzi wa zabibu, maganda na kokwa vikae pamoja kwenye tangi. Hamira inaanza kula sukari, tangi linapata joto, hewa ya kaboni inapanda na kuyabeba maganda mpaka juu, yanashikamana yakawa tabaka zito ambalo mkono mtupu haulipenyi. Tabaka lile lazima lisukumwe chini kwa mti mrefu, mara 2 au 3 kwa siku, siku saba na pengine zaidi. Usipolisukuma linakauka, wadudu wa siki wanaingia, na kazi ya miezi minne imepotea. Ukilisukuma vizuri, rangi inatoka, harufu inatoka, na pamoja navyo unatoka ukakasi, ule unaokausha ulimi na fizi kama umeng'ata ndizi mbichi. Sukari nayo inageuka kilevi. Kila gramu 17 hivi kwa lita huzaa asilimia 1, kwa hiyo mchuzi wenye gramu 220 za sukari hutoa mvinyo wa asilimia 13 au karibu na hapo. Hamira ikiimaliza sukari yote, umepata mvinyo mkavu.

Ukakasi ule, ndugu zangu, haukuingia kwa bahati mbaya. Ndio mfupa wa mvinyo mwekundu. Ndio unaoulinda usiharibike upesi, na ndio unaoufanya uende na nyama. Kwa muda mrefu soko letu limetibu ukakasi kwa sukari, likauza mvinyo mtamu kwa watu waliozoea soda. Simlaumu anayeupenda mtamu, mdomo ni wake. Ninachopinga ni kuuficha ule mkavu, kana kwamba ni mtoto wa kuonewa aibu mbele ya wageni.

Sasa chakula, na hapa naomba wapishi msogee karibu.

Mate yetu yana protini zinazoufanya mdomo uteleze. Ukakasi wa mvinyo unazinasa protini hizo na kuziondoa, ndiyo maana mdomo unakauka. Ukiwa na nyama mdomoni, ukakasi unapata protini na mafuta ya kushikana nayo, unaacha mate yako kwa amani. Wakati huohuo mafuta ya nyama yaliyotanda ulimini yanasafishwa, na kipande kinachofuata kinakuwa kitamu kama cha kwanza. Chumvi nayo inaulainisha mvinyo. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Chukueni mbuzi wa kuchoma, chakula ambacho Dodoma haihitaji kufundishwa na mtu. Chagua kipande cha mbavu chenye mafuta ukingoni, moto umekigusa mpaka pembeni pamekuwa peusi. Chovya kwenye chumvi. Tafuna mara mbili tatu, halafu kabla hujamaliza kumeza piga funda dogo la Makutupora mkavu. Utaona kwanza moshi wa nyama unazidi kunukia. Kisha tunda la zabibu, ambalo kaunta hukulihisi, linajitokeza. Ule ukali uliokuwa unautafuta haupo. Mvinyo ni uleule wa chupa ileile. Kilichobadilika ni kwamba umepewa kazi yake.

Lakini angalieni kachumbari. Mkono mzito wa ndimu unaufanya mvinyo uonekane mfu, hauna ladha. Mpishi akijua meza ile imeagiza mvinyo mwekundu, apunguze ndimu, aongeze nyanya na kitunguu, chumvi aiache. Na pilipili kichaa ikae pembeni kwenye kisahani chake. Kilevi na ukakasi vinachochea moto wa pilipili, mgeni anaungua, anamlaumu mpishi na mtengeneza mvinyo kwa pamoja.

Kitimoto cha rosti kinafuata kanuni ileile, ila nyama yake ni laini kuliko ya mbuzi, kwa hiyo mimi ningetafuta mvinyo mwepesi zaidi. Marzemino inafaa sana hapo, ina harufu ya matunda na ukakasi wake ni mpole. Nyama ya ng'ombe iliyochemka taratibu kwenye mchuzi wa nyanya ni habari nyingine. Nyanya ina uchachu, na mvinyo usio na uchachu wake wa kutosha utazimwa. Aglianico ni zabibu yenye uchachu mwingi na ukakasi mwingi, hata kwao kusini mwa Italia inakaa na nyama nzito, kwa hiyo mpeni mgeni mchuzi mzito wa nyanya na Aglianico bila wasiwasi.

Pilau ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Syrah, ikiiva vizuri, hunukia pilipili manga. Sisemi kwa kupamba, kipo kiini kinachoitwa rotundoni kilichomo kwenye ganda la zabibu hiyo, na hichohicho ndicho kinachoipa pilipili manga harufu yake. Sasa fikirieni pilau ya nyama iliyokaangwa na bizari nyembamba, karafuu, mdalasini na pilipili manga nzima, halafu glasi ya Syrah ya kiangazi kando yake. Viungo vya sufuriani na vya glasini vinaitikiana. Nimepanga chakula na mvinyo kwa miaka mingi, na hakuna ndoa ya chakula chetu na mvinyo wetu iliyonifurahisha kuzidi hii. Tahadhari ni moja: ukipakua pilau na pilipili ya kusaga ya kukata ulimi, umeiua.

Maharage ya nazi yana utamu wake na ulaini wake, Makutupora mkavu unaweza kukaa nayo kama kuna nyama pembeni, vinginevyo hapana. Ndizi nyama sawa, hasa zikipikwa na mafuta ya kutosha. Ugali wa uwele na nyama iliyokaushwa juani ni mlo wa mkoa huu kabisa, nyama ile ina chumvi na ladha nzito iliyojikusanya, nao unaupokea mvinyo mwekundu vizuri kuliko watu wanavyodhani. Mlenda nimeujaribu na kila chupa niliyonayo, haukubaliani na hata moja, kwa sababu mtelezo wake unauzuia mvinyo kufika ulimini. Mlenda uliwe kwa heshima yake, na maji.

Samaki, naomba tuelewane. Mvinyo mwekundu una chembe za madini ya chuma, na madini hayo yakikutana na mafuta ya samaki yanatoa ladha ya shombo na ya bati inayobaki mdomoni muda mrefu. Dagaa ndio wabaya zaidi kwa hili. Mgeni akiagiza sato au dagaa, mhudumu ampendekezee mvinyo mweupe wa Chenin Blanc, ambayo pia inalimwa hapahapa Dodoma. Kumpa mwekundu ni kumharibia vyote viwili. Keki na tambi za sukari vilevile, kitu kitamu kikitangulia, mvinyo mkavu utaonekana siki.

Nihame jikoni niende kwenye friji.

Vitabu vya huko ng'ambo vinasema mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumbani. Vilimaanisha vyumba vya mawe vya Ulaya, vya nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dodoma mwezi Novemba, au cha Dar es Salaam mchana wa siku nyingi, kinapita nyuzi 28. Kwenye joto hilo kilevi kinapanda puani, ukakasi unachongoka, tunda linapotea. Wekeni chupa kwenye friji dakika 30 kabla ya kuipeleka mezani. Mgeni akishangaa, mwelezeni kwa upole, akionja atawashukuru. Glasi ijazwe theluthi moja, ili harufu ipate nafasi. Na chupa za akiba msizipange kwenye rafu ya mapambo karibu na dirisha au juu ya jiko, kama ninavyoona sehemu nyingi. Jua na joto vinaupika mvinyo ndani ya chupa. Stoo yenye giza inatosha, na chupa yenye kizibo cha gome ilazwe, kizibo kisikauke.

Someni lebo pia. Sheria yetu ya ushuru wa bidhaa inautenga mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini, na kuutoza kiwango kidogo kuliko ule wa nje. Nafuu ile iliwekwa kwa ajili ya mkulima. Wako hapa nyuma yenu wakulima waliowahi kuvuna na kukosa mnunuzi, na zabibu haisubiri. Siku chache tu baada ya kukatwa imeanza kunyauka na kuvuja. Ndipo mtu anaamua kuikamua, kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi ya kukodi, na kuomba Mungu kiwanda kifungue mlango. Chupa ya mvinyo mkavu wa hapa inapouzwa na sahani ya nyama, kiwanda kinarudi kwa mkulima yule. Isipouzwa, mchuzi unabaki tangini.

Lipo na jambo la heshima ambalo sitaki tulipite. Wageni wetu wengi hawanywi kilevi, kwa dini yao au kwa afya yao. Orodha ya mvinyo ikae mezani, mhudumu ajibu akiulizwa, asimsukume mtu. Na mpishi anayependa kumimina mvinyo kwenye mchuzi wa nyama, jambo ambalo linaupa mchuzi kina kizuri sana, aandike waziwazi kwenye menyu. Msitegemee kwamba kilevi kimeisha kwa kuchemka. Kinapungua, hakiishi chote, na hata kingeisha, mwenye dini yake ana haki ya kujua alichowekewa.

La mwisho ni chupa iliyofunguliwa. Mwenye mgahawa anaogopa kuuza kwa glasi kwa kuwa chupa itabaki. Rudishieni kizibo, iingie kwenye friji ikiwa imesimama, mvinyo mwekundu mkavu utakaa siku 2 hadi 3 ukiwa mzuri, na siku ya 4 mpeni mpishi wa rosti. Kuuza kwa glasi ndiyo njia ya mgeni kujaribu bila kununua chupa nzima.

Nimewaandalia meza ile ya dirishani. Kuna chupa mbili za mvinyo mmoja, wa mavuno ya Agosti. Moja imetoka kwenye friji, nyingine imekaa nje tangu asubuhi. Kwa wasiokunywa, kuna juisi ya zabibu hizohizo. Mbuzi yuko kwenye sinia, chumvi ipo, ndimu nimewanyima makusudi. Onjeni mtupu kwanza, halafu onjeni na nyama, kisha mrudi tujibizane. Maswali ya kwanza nitapokea kutoka kwa wakulima.

Asanteni sana.